Tabora hadi Ujiji: kukusanya mabao ya kale ya kete

Jumatatu, Tabora mjini

Chipu ya kasino ina jina la nyumba iliyoitoa, thamani yake, na mara nyingi alama ya kiwanda. Karata zilizochezewa mezani hutobolewa tundu au hukatwa pembe kabla hazijatoka nje, kwa hiyo anayezikusanya ana pa kuanzia. Bao la kete halina mhuri wa aina yoyote. Lililochongwa kwa tezo zama za ujenzi wa reli na lililochongwa juzi kwa ajili ya wageni yanaweza kuwekwa meza moja, yote yamepakwa rangi ya viatu, na yote yakatajwa kuwa ya marehemu babu. Ukweli umo ndani ya mashimo. Ndiyo maana mkoba wa safari hii ulijaa vipimo kabla ya fedha: kipimo cha vernia, rula ya chuma ya sm 30, lenzi ya kukuza mara 10, mizani ya jikoni inayobeba hadi kilo 15, tochi ya kukagulia noti bandia, vijiti vya pamba, chupa ya maji safi, karatasi nyembamba na penseli laini. Kalamu ya wino iache nyumbani. Tone moja likiingia kwenye ufa wa mbao halitoki tena.

Bao la kwanza lilikuwa sokoni, zito kiasi, jeusi tii, na bei yake ilitajwa kwa kujiamini. Ukaguzi haukuchukua dakika kumi. Bao kamili lina safu 4 za mashimo 8, jumla 32, na kete 64. Nyumba ya kila mchezaji, ile inayochongwa mraba, ni shimo la tano kutoka kushoto kwake katika safu ya mbele. Kwa kuwa wachezaji wameketi wakitazamana, shimo la tano la mmoja halilingani na la tano la mwenzake, bali linaelekeana na la nne lake. Basi miraba miwili ya bao halali hukaa mshazari. Katika bao lile miraba ilitazamana ana kwa ana. Aliyelichonga hajawahi kukaa mbele ya kete.

Kulikuwa na dalili nyingine mbili. Katikati ya kila shimo, lenzi ilionyesha kitone kidogo kilichozama: hiyo ni alama ya ncha ya keekee ya mashine. Na kijiti cha pamba kilicholoweshwa kidogo kwa maji, kilipopitishwa upande wa chini, kilitoka cheusi. Uchafu wa mikono ya miaka mingi haung'oki hivyo. Umeingia kwenye nyuzi za mti, na kijiti hutoka na rangi hafifu ya kahawia au hakitoki na kitu. Jaribu upande wa chini siku zote, mahali padogo, wala usisugue.

Muuzaji alisema ni mpingo. Mizani ilimaliza hoja. Bao la sm 75 kwa 28, unene wa sm 6, likishatolewa mashimo hubaki na ujazo wa kama lita 10 na nusu hadi 11. Mninga mkavu una uzito wa takriban kilo 0.64 kwa lita, kwa hiyo bao la ukubwa huo huja karibu na kilo 7. Mpingo hupita kilo 1.2 kwa lita: bao lilelile lingekuwa na kilo 13 hivi. Lile la sokoni lilisoma kilo 6 na gramu 800. Mninga ni mti mzuri, na kwa Tabora ndio mti wenyewe, hauna haja ya kuvishwa jina la mwingine.

Pamoja na bao lile ilitolewa sarafu ya heller 20, fedha ya koloni la Wajerumani, kuwa ushahidi wa umri. Sarafu zenyewe ni za kweli na zina historia nzito: zilipigwa Tabora mwaka 1916, vita ilipowakatia Wajerumani njia ya kupata sarafu kutoka kwao, zina taji, herufi D.O.A. (kifupi cha Deutsch-Ostafrika, jina la koloni hilo) na T ndogo ya Tabora. Lakini sarafu inathibitisha umri wake yenyewe tu. Haielezi chochote kuhusu bao iliyowekwa juu yake.

Alasiri, mtaa wa Ng'ambo, palipatikana bao la maana. Lilikuwa ndani ya nyumba, limesimamishwa nyuma ya mlango, vumbi tupu, na mwenye nyumba hakuwa na habari kwamba kuna mtu anayeweza kulitaka. Hapa ndipo pa kukaa na kusoma kwa utulivu.

Uchakavu wa bao hauko sawa kila mahali, na sababu yake ni sheria za mchezo. Kete zinapoliwa, husambazwa kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, kushoto au kulia, kwenda katikati. Mlo ukifanyika kwenye kimbi, mashimo mawili ya kila mwisho wa safu ya mbele, mchezaji hana tena hiari ya kuchagua: lazima aanzie upande huohuo. Kwa hiyo vichwa vya safu za mbele hupigwa na vidole na kete mara nyingi kuliko shimo lolote, na midomo yake huliwa mapema. Safu ya nyuma hupata kazi zaidi mchezo ukishaingia mtaji, awamu ya pili ambapo kete zote ziko uwanjani, hivyo midomo yake hubaki mikali zaidi. Nyumba nayo ina alama yake. Kete humo huwa nyingi, na mchezaji anapozizoa zote huingiza vidole vinne kwa mpigo. Mraba hupoteza pembe zake upande ule anaokaa mchezaji, huku pembe za mbali zikibaki.

Bao la Ng'ambo lilikuwa hivyohivyo. Midomo ya vichwa vinne vya mbele ilikuwa mviringo na laini kama kingo za chungu kilichozoeleka, safu za nyuma bado zikionyesha michirizo ya patasi kwenye sakafu ya mashimo. Nyumba moja ilikuwa imelika kuliko ya pili. Hilo hutokea bao likiwa na mwenyewe anayekaa upande uleule kila jioni. Mfanyaji bandia hutumia msasa, na msasa hauna upande unaoupendelea: mashimo yote 32 hutoka na ulaini mmoja.

Kipimo cha mwisho ni cha subira. Mti ukikauka husinyaa kukatiza nyuzi, wala si kwa kufuata nyuzi. Shimo lililochongwa duara kwenye mti ambao haujakauka vizuri huwa yai kidogo baada ya miaka. Pima kila shimo mara mbili, kwa kufuata nyuzi na kwa kukatiza, andika yote, kisha tafuta wastani. Shimo moja halisemi kitu kwa sababu mkono wa fundi si mashine, lakini wastani wa 32 unasema. Kwenye shimo la mm 60, tofauti ya mm 1 inatosha kukufanya uendelee kulitazama bao hilo. Isipokuwepo, usilitupe: huenda fundi alitumia ubao mkavu.

Jumanne, Kwihara na vijiji vya kusini

Kwihara iko kilomita chache kutoka mjini, na tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, baada ya kufika na Stanley kutoka Ujiji, sasa ni makumbusho. Anayekusanya vitu vya michezo aanzie kwenye sehemu kama hii, kwa sababu ndipo mahali pa kuuliza kuhusu sheria kabla ya kununua.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakihesabu kitu chochote kinachohamishika, kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, kuwa mali ya kale inayolindwa. Bao la mti lenye umri huo ni nadra mno, kwani mchwa hawasubiri. Lakini sheria haiishii kwenye mwaka huo: vitu vya asili vilivyotumika katika maisha ya jamii navyo vinaguswa, na kuvitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Njia salama ni moja. Peleka picha na vipimo kwa maofisa wa mambo ya kale, pata jibu la maandishi, kisha ndipo uzungumze bei. Anayekuambia kwamba kibali hutafutwa baadaye ana haraka ya kuuza.

Vijijini mabao hupatikana chini ya miti ya miembe, na mengi yanachezwa. Hayo hayaguswi isipokuwa kwa kupimwa na kupigwa picha, tena kwa ruhusa. Yanayotafutwa ni yale yaliyostaafu: yaliyopasuka, yaliyogeuzwa kiti cha kuku, yaliyofunikia mtungi. Moja lilipatikana limefanywa daraja la mfereji wa maji ya mvua, uso chini. Limeoza upande mmoja, safu nzima haipo, na bado lilistahili kuchukuliwa, kwa sababu mashimo yaliyobaki yalikuwa na alama za tezo zilizokatana kwa mkono wa mtu aliyejua kazi. Kwa mkusanyaji makini, bao bovu lenye ukweli linashinda zima lenye mashaka.

Si kila bao la bara lina mraba. Wengine hukubaliana tu shimo lipi ni nyumba na mchezo ukaenda. Basi usikatae bao kwa sababu mashimo yake yote ni duara. Angalia shimo la tano kama limelika kuliko majirani zake.

Jumatano, kwenye treni

Treni ya Kigoma haiondoki kila siku, kwa hiyo ratiba ya stesheni ndiyo inayopanga siku za kazi, si kinyume chake. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kati ya miji hiyo miwili kuna kama kilomita 400 za Urambo, Kaliua, daraja la Malagarasi na Uvinza.

Ufungaji ndio unaoharibu mabao mengi safarini. Kete hazisafiri ndani ya mashimo. Zihesabiwe, ziwekwe kwenye kopo lenye mfuniko, na karatasi ya idadi iwekwe ndani pamoja nazo. Bao lifungwe kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila sabuni ya manukato, kisha kadibodi, kisha kamba ya katani. Mkanda wa gundi usiguse mti hata kidogo, maana gundi yake huondoka na ngozi ya juu. Lilazwe bapa chini ya kiti, uso juu. Likisimamishwa kwa kichwa chake, ufa wa mwisho wa ubao hubeba uzito wote na mtikisiko wa behewa huurefusha.

Bao linalotoka Uvinza, penye chumvi, mara nyingine huwa na weupe juu yake, na wauzaji huuita ukungu. Tone la maji kwenye ncha ya kijiti litajibu: chumvi huyeyuka, ukungu hupakaza. Chumvi ipigwe brashi laini kavu iondoke, isioshwe. Ukungu nao ukaushwe kivulini kwanza kabla ya brashi, vinginevyo unausambaza.

Alhamisi, Kigoma

Kazi ya Kigoma ni wadudu. Bao lililobunguliwa likikaa na mengine wiki chache, mkusanyiko wote umeingia hatarini. Ishara ni matundu ya mm 1 hadi 2 na unga laini. Matundu peke yake hayatoshi, yanaweza kuwa ya miaka ishirini iliyopita. Laza bao juu ya karatasi nyeusi usiku kucha, asubuhi uligonge taratibu kwa kiganja. Unga mpya ni mweupe au wa rangi ya mti uliokatwa leo, na hujikusanya kivilima chini ya tundu. Wa zamani umefifia, umechanganyika na vumbi.

Wengi hukimbilia mafuta ya taa, oili chafu au dawa ya kunyunyizia. Mafuta yanafanya bao lote kuwa jeusi, yanafuta tofauti ya rangi kati ya mahali paliposhikwa na pasiposhikwa, na mabuu yaliyo ndani sana hayafikiwi. Ushahidi umekufa, mdudu mzima. Baridi inafanya kazi bila kugusa chochote, na Kigoma ni mji wa samaki: wenye majokofu ya kugandishia migebuka ndio wa kuzungumza nao.

Funga bao kwenye nailoni nzito tabaka mbili, toa hewa uwezavyo, ziba kingo kwa mkanda ulio juu ya nailoni tu. Tabaka la pili ni kwa ajili ya harufu. Jokofu la kawaida hufika nyuzi 18 chini ya sifuri, nalo linataka wiki mbili. Likifika 30 chini ya sifuri, siku tatu hutosha kwa ubao wa unene huu. Weka kipimajoto ndani, usiamini namba ya swichi ya jokofu. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, hesabu inaanza upya, maana mdudu aliyepozwa polepole na kupashwa polepole huvumilia. Bao likitoka, liache limefungwa saa 24 nzima. Ukifungua mapema, mvuke wa hewa ya ziwani utatua juu ya mti baridi, na hapo ndipo ukungu unapoanza. Komwe na kete nyingine za mbegu zipite njia hiyohiyo, kwa kuwa nazo hutobolewa.

Jambo moja zaidi kuhusu hewa. Kigoma iko chini, kama mita 775 kutoka usawa wa bahari, na ziwa linaipa unyevu. Tabora iko juu, kama mita 1,200, na kiangazi chake kinakausha. Bao la Kigoma likipelekwa Tabora mwezi wa Agosti na kufunguliwa siku hiyohiyo hupasuka kwa sauti. Liache ndani ya kitambaa na kadibodi wiki mbili au tatu, chumbani, mbali na dirisha.

Ijumaa, Ujiji

Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka pwani ya Bagamoyo kupitia Tabora, na hadi leo bao linachezwa huko kwa adabu zake. Usifike kabla ya sala ya Ijumaa. Fika alasiri, keti pembeni, tazama mchezo ukaishe. Kumsemesha mchezaji aliye katikati ya mtaji ni kujifungia mlango.

Barazani Kasingirima bao lililokuwa likichezwa lilikuwa pana, la mvule, na vichwa vyake vimelika hadi ukuta wa kati umekuwa mwembamba.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wanangu. Kama mmekuja kulinunua hili, haliuzwi."

"Hatukuja kununua, babu. Tunaomba kulipima tu, mkimaliza."

"Basi ngojeni tumalize."

Bao kama hilo linakusanywa kwa karatasi. Tandika karatasi nyembamba juu ya uso wake, sugua kwa ubapa wa penseli kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kila mdomo wa shimo utajiandika wenyewe. Piga picha kwa mwanga wa pembeni, jua likiwa chini, kwa kuwa mwanga wa juu unaficha michirizo. Andika nani alilichonga kama anajulikana, mti, mwaka unaokumbukwa kwa tukio na si kwa namba: kabla ya uhuru, wakati wa vijiji vya ujamaa, mwaka wa mafuriko. Kumbukumbu ya tukio inashikika. Mwaka mtupu hubahatishwa ili kumfurahisha mgeni.

Kete za Ujiji ndizo zilizohitaji muda. Komwe ni mbegu ya mkomwe, kichaka cha miiba kinachotambaa, kinachoota hasa ufukweni mwa bahari. Hivyo seti ya komwe bara kwa kawaida ni kitu kilichobebwa kutoka pwani au kununuliwa kwa aliyebeba. Mpya ina rangi ya majivu na mistari midogo inayozunguka kama pete. Iliyochezewa sana hupoteza mistari ubavuni, inang'aa, na rangi huelekea kijani kibichi cha moshi. Nyingi huelea majini, kwa kuwa ndani mna nafasi ya hewa, lakini usitumie jaribio hilo kwa komwe yenye ufa. Seti ya kweli ya zamani karibu kila mara ni mchanganyiko: komwe hamsini na kitu, kokoto laini kadhaa, pengine kishikizo cha shati. Usiziondoe zile ngeni ili kuifanya seti iwe nzuri. Kete zilizopotea zikafidiwa ndiyo historia ya bao hilo. Seti iliyo na komwe 64 zinazofanana, zote zinang'aa sawa, imetengenezwa mwezi huu.

Palipokuwa na bao lililo tayari kuondoka, upande wa Rubuga, mabadilishano yalikuwa ya haki: bao jipya kwa la zamani, pamoja na fedha. Tunashikilia hili kwa nguvu. Baraza lisibaki bila bao kwa sababu ya mkusanyaji. Lakini bao jipya lazima lichezeke, na seremala asiyecheza atakosea kama hapewi vipimo. Ubao wa mninga au mvule uliokauka miezi sita kivulini, sm 75 kwa 28, unene sm 6. Mashimo ya mm 55, kina mm 30, ukuta wa mm 10 kati yao. Nyumba mraba wa mm 60, kina mm 35, miraba ikae mshazari. Kila mwisho uachwe na sm 10 za shimo la kuwekea kete za mkononi, kwani namua, awamu ya kwanza ya mchezo, huanza kwa kila mtu kuwa na kete 22 ambazo hazijaingia uwanjani, huku 10 zikiwa zimeshapangwa: 6 nyumbani, 2 na 2 kwenye mashimo mawili yanayofuata kulia kwake. Kosa la kawaida ni kina kidogo. Kete kumi na tano zikijaa nyumbani na zikamwagika nje, wazee watalirudisha bao siku hiyohiyo. Kosa la pili ni ukuta wa kati mwembamba kuliko mm 8, ambao hupasuka kwa kufuata nyuzi. La tatu ni vanishi: kete huteleza, mlio wake hubadilika, na mchezaji hawezi kuhesabu kwa sikio. Msasa namba 120, kisha 240, basi. Mikono italimaliza.

Jumamosi, Mwanga mjini Kigoma na stesheni

Palibaki karatasi. Hati ya mauziano iandikwe kwa mkono, nakala mbili, iwe na vipimo vya bao, uzito, mti, idadi na aina ya kete, jina la muuzaji, namna alivyolipata, bei, na maneno yanayosema wazi kwamba halina mgogoro wa urithi. Mirathi ndiyo chanzo kikubwa cha ugomvi: kijana anauza, shangazi anafika baada ya mwezi. Omba mtu wa pili wa ukoo atie saini kuwa shahidi, kisha ofisi ya serikali ya mtaa iweke mhuri. Nakala moja ifuatane na bao. Kwenye vizuizi vya mazao ya misitu ubao mzito wa mninga uliofungwa vizuri huleta maswali, na hati yenye mhuri pamoja na jibu la maofisa wa mambo ya kale huyamaliza palepale.

Namba ya kumbukumbu isiandikwe juu ya mti. Iandikwe kwa penseli kwenye kipande cha kitambaa cha pamba, kifungwe kwa uzi kupitia ufa uliopo au kuzunguka mwisho mwembamba wa bao. Kadi ya kila bao ina michoro ya mashimo 32, vipimo viwili kwa kila moja, na mahali pa kuandika ukaguzi wa kila miezi mitatu: unga mpya, urefu wa ufa, uzito. Bao la Ng'ambo lilipakiwa na uzito wa kilo 5 na gramu 900. Likipoteza zaidi ya gramu 150 baada ya kufika, chumba ni kikavu mno na bakuli la maji liwekwe kabatini kabla ufa haujafika shimo la kwanza.